Kulwa, Doto na ngurumo za saa tisa usiku

Tunakaa Mabatini, juu kule kwenye mawe, nyumba ya bati isiyo na dari. Mwenyeji wa Mwanza anaijua tabia ya mvua yetu: inapenda saa tisa, saa kumi za usiku. Usiku nchi kavu inapoa haraka kuliko ziwa, upepo unageuka kuelekea majini, hewa inakutana juu ya yale maji ya uvuguvugu na kupanda, wingu linajengeka huko huko. Likianza kunguruma, watoto ndiyo kwanza wako kwenye usingizi mzito.

Pacha wangu wana miaka saba. Walikaa tumbo moja, wanalala kitanda kimoja, nami nikadhani hata woga wao ni mmoja. Wote walijifunika gubigubi, wote walilia. Nikawapa maneno yale yale niliyokulia: nyamazeni, mtoto wa kiume haogopi radi. Wakanyamaza kweli. Doto akaanza kukojoa kitandani.

Ndipo nikawauliza mmoja mmoja, tena mchana, jua linawaka: unaogopa nini hasa?

Kulwa akasema ni mlio, unamshtukiza. Huyo nikamfundisha kuhesabu. Ukiona mwanga anza moja, mbili, mpaka usikie mlio. Kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Ukifika tisa, imepiga kilomita tatu kutoka hapa. Haukupita mwezi akajifanya mtabiri wa hali ya hewa wa nyumba nzima.

Kwa Doto dawa hiyo hiyo ikawa sumu. Kuhesabu kulimfanya akae ameuma meno, anasubiri. Kumbe yeye mlio haumsumbui, anaogopa bati. Mwaka jana upepo uliezua nyumba ya jirani, asubuhi akaona bati limening'inia kwenye mwembe, na hakuwahi kulisema. Jumamosi moja baba yake akampandisha ngazi, akamshikisha kenchi, wakapigilia misumari miwili iliyolegea. Siku hizi ndiye fundi wa kutega sufuria panapovuja.

Anayeninyima usingizi mimi ni Shija, wa miaka minne, asiyeogopa kitu. Akisikia ngurumo anataka kutoka akaoge mvua. Huyu hahitaji kubembelezwa, anahitaji sheria: ukisikia ngurumo ingia ndani, usijibanze chini ya mti, ziwani usisogee, na hutoki mpaka nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho. Wala msiwaambie watoto kwamba radi haiui. Huku kwetu inaua, shuleni wanasimuliana, na siku wakigundua umewadanganya hawatakuamini hata unapowaambia ndani ya nyumba ni salama kuliko nje.

Bibi yao akija anafunika kioo kwa kanga. Kioo hakiiti radi, lakini Doto akikifunika kwa mkono wake anatulia, basi tunafunika. Mimi nachomoa waya wa tivii, kila mtu na kazi yake.

Juzi saa tisa na nusu chumba kizima kikawa cheupe. Gizani nikamsikia Kulwa: “…kumi na moja, kumi na mbili…”

“Hesabia moyoni bwana,” Doto akamkatiza, “sufuria imejaa.”

Shija alikuwa anakoroma.