Mdogo wangu, usitamke shahada usiyoiamini

Ahirisha hiyo Ijumaa uliyopanga kusilimu. Umeandika kwamba wewe ni Mkatoliki wa Kayole, unaolewa na kijana Muislamu wa South C, mama mkwe anataka usilimu kabla ya nikahi, na wewe umeamua utaitamka shahada kwa mdomo tu, utavaa buibui ukienda kwa wakwe, na Jumapili utaendelea kuingia misa ya kwanza kimyakimya. Kisha unauliza utajifunzaje kuswali kwa wiki mbili, kama jina la kitambulisho libadilishwe, mama yako mzazi aambiwe lini, na siku yenyewe uvae nini. Na waliokutangulia kukujibu wanakupigia vigelegele: "Sema tu dada, Mungu anajua moyo." Mimi niliambiwa maneno hayohayo, nikayafuata, na yalinifikisha mbele ya kadhi nikiwa mjane, nikiulizwa dini yangu baada ya kuapishwa.

Kinachoniuma nikisoma maelezo yako ni kwamba uongo huu hata hauhitajiki. Qurani, Sura ya Al-Maida, aya ya 5, inamruhusu mwanamume Muislamu kumwoa mwanamke mwema wa Ahlul Kitab, yaani Mkristo au Myahudi, naye akabaki na dini yake. Wapo masheikh wanaoweka masharti makali, na familia nyingi hazipendi, lakini mlango upo. Ungekuwa mwanamume unayemtaka binti wa Kiislamu, hapo kweli ungeambiwa usilimu kwanza. Wewe ni mwanamke. Je, huyo mchumba wako amekueleza hivyo? Umemuuliza? Au mmekaa wote wawili mkimwogopa mama yake?

Mimi hakuna aliyenieleza. Aliyenishauri alikuwa mama mmoja wa mtaani kwetu, mtu mzima anayeheshimika, mwenye kusuluhisha ndoa za watu. Aliniambia ni maneno machache tu, nikishayasema mambo yamekwisha, moyo ubaki wangu. Akaniletea mzee mmoja ambaye kwa pesa ya nauli aliniandikia karatasi ya kusilimu nikiwa nimekaa kwenye kochi lake. Mzee yule hakuniuliza kama naamini. Hakuniuliza kama nimelazimishwa. Hakunieleza hata kitu kimoja kitakachobadilika siku nikifiwa. Msikiti wowote unaojiheshimu ungenikalisha chini, ungenifundisha na kunipa muda. Hawa wawili walitaka harusi ifanyike, basi. Mambo yalipoharibika yule mama alisema hanikumbuki vizuri. Sijamsamehe, na nikisoma majibu yenu hapo juu namsikia yeye.

Sasa sikiliza mahali nilipoumia.

Mume wangu alikuwa na duka la vipuri vya magari Kirinyaga Road. Tulinunua ploti Ruai, tukaanza na vyumba vya mabati, baadaye tukajenga vya mawe vya kupangisha. Pesa nyingi ya mawe na mchanga ilitoka kwenye chama changu, lakini hati ilikuwa kwa jina lake, na mimi sikuona ubaya kwa sababu alikuwa mume mwema. Nasema alikuwa mwema na namaanisha. Jumapili nilimuaga naenda chama. Usiku wa kesha nilimwambia nalala kwa dada yangu Dandora. Hakuwahi kunifuata wala kupekua simu yangu. Aliniamini.

Mwezi mmoja wa Ramadhani alirudi kutoka darasa msikitini, walikuwa wamesomeshwa mirathi. Akaniita sebuleni, akaniambia: "Mama watoto, nilikuwa na wasiwasi kwamba nikifa utahangaika. Lakini leo nimejifunza kwamba mrithi haandikiwi wasia. Wewe una fungu lako aliloliweka Mwenyezi Mungu." Na ni kweli, kwa sheria ya Kiislamu mke hupata thumuni, yaani 1/8, mume akiacha watoto, na robo asipoacha. Wasia huandikwa kwa wasio warithi, na hauzidi theluthi moja ya mali. Vilevile Muislamu na asiye Muislamu hawarithiani. Kuna hadithi sahihi juu ya hilo, na ndiyo kauli ya wanazuoni walio wengi.

Tulia hapo uone nilivyojifungia milango yote miwili. Mume wangu angejua kwamba mimi ni Mkristo, ningekuwa si mrithi wake, na kwa sababu hiyohiyo angeweza kuniandikia wasia mpaka theluthi moja. Theluthi ni kubwa kuliko thumuni. Angeweza pia kunipa vyumba viwili kama hiba akiwa hai, nikakabidhiwa, vikawa vyangu kabisa. Usiku ule alikuwa ananitafutia mahali pa kusimama, alikuwa tayari hata kuita mashahidi. Mimi nilikaa kimya nikamwongezea chai. Ningefungua mdomo usiku ule, nadhani tungelia, pengine angekasirika mwezi mzima, lakini angeuchukua ukweli na kuupangia. Namjua.

Alifariki kwa presha, ghafla, bila wasia. Shemeji zangu walipeleka suala la mirathi mahakama ya kadhi, jambo ambalo ni haki yao. Kisha wakili wao akatoa picha zilizochapishwa kutoka ukurasa wa kanisa letu: mimi na sare ya kwaya, mimi nimeshika mshumaa wa Pasaka, mimi nasoma somo la pili. Nikaapishwa. Akaniuliza swali moja tu: "Wewe ni Muislamu?"

Nikisema ndiyo, ni kiapo cha uongo, na kiapo cha uongo mahakamani ni jinai, tena picha ziko mezani. Nikisema hapana, thumuni inaondoka. Nilisema mimi ni Mkristo. Kadhi hakunikaripia. Aliniuliza kama marehemu alijua.

Nikadhani nimepata njia ya kutokea, kwa sababu Katiba ya 2010, ibara ya 170(5), inasema mahakama za kadhi zinaamua mambo ya ndoa, talaka na urithi pale ambapo pande zote zinakiri Uislamu na kukubali mamlaka ya mahakama hiyo. Nikamwambia wakili wangu basi twende Mahakama Kuu. Akanifungulia Sheria ya Urithi, sura ya 160, kifungu cha 2(3): mali ya mtu aliyekufa akiwa Muislamu hugawanywa kwa sheria ya Kiislamu. Akanieleza kwamba kubadilisha jengo hakutanirudishia fungu. Dini inayoangaliwa pale ni ya marehemu, na mume wangu alikuwa Muislamu kwelikweli, aliyeamini kwamba ameacha mjane Muislamu.

Kilichonisaidia kidogo ni madeni. Kabla mali haijagawanywa hutolewa kwanza gharama za maziko, kisha madeni ya marehemu, kisha wasia kama upo, halafu ndipo warithi. Nilitoa taarifa za chama, jumbe za M-Pesa na risiti chache za mchanga nilizokuwa nazo, na shemeji mkubwa akakubali kwamba pesa yangu iliyojenga vyumba vile ni deni. Risiti nyingine sikuwa nazo, kwa hiyo pesa nyingine ilipotea. Watoto wangu walirithi baba yao, mvulana mafungu mawili na msichana moja, na mimi nashukuru wamepata. Shemeji zangu si wezi, acheni kuniandikia hivyo kila nikisimulia. Walifuata sheria ambayo mimi mwenyewe nilitia sahihi kwamba naifuata.

Fedha zinaweza kutafutwa tena. Lakini siku ile binti yangu mkubwa alikuwa amekaa nyuma yangu, amevaa hijabu yake ya shule, alinisindikiza kwa sababu hakutaka niende peke yangu. Yeye anaswali. Alijifunza kufunga Ramadhani kwa kuniangalia mimi nikiamka kupika daku. Tulipotoka nje hakuuliza habari ya vyumba. Aliuliza, "Kwa hiyo ulikuwa hufungi?" Mdogo wangu, jiandae kulijibu swali hilo, maana ukizaa na huyo kijana litakuja. Mimi nilikuwa nafunga siku nyingine na siku nyingine nakula jikoni mlango ukiwa umefungwa, na mpaka leo tunajengana upya, mimi na yeye, polepole.

Kuna aliyeandika hapo juu kwamba hata dini inaruhusu, akataja taqiya, yaani kuficha imani ukiwa hatarini, akataja na basi la Mandera. Hilo limenikasirisha kuliko yote. Sura ya An-Nahl, aya ya 106, inamzungumzia aliyelazimishwa huku moyo wake umetulia juu ya imani. Wafasiri wanaieleza kwa kisa cha Ammar bin Yasir, aliyeteswa Makka mpaka akatamka walichotaka. Na Mandera, tarehe 22 Novemba 2014, watu 28 waliuawa baada ya kushushwa kwenye basi, wakatengwa wale waliodhaniwa si Waislamu, wengine kwa kushindwa kusoma shahada. Mwaka uliofuata, 21 Desemba 2015, karibu na El Wak, Al-Shabaab walisimamisha basi jingine wakaamuru abiria wajitenge. Waislamu wakakataa. Wanawake waliwapa wenzao Wakristo mitandio wajifunike. Mwalimu Salah Farah, Muislamu, alipigwa risasi siku ile, akafariki Januari 2016 akiwa kwenye matibabu hapa Nairobi. Mkristo aliyejifunika mtandio ndani ya basi lile alikuwa anaokoa roho yake, na aliyempa alikuwa anahatarisha ya kwake. Wewe South C hakuna aliyekushikia bunduki. Unataka mama mkwe atabasamu kwenye picha. Usichukue kilichofanywa na watu wale ukakitumia kupata ukumbi wa harusi.

Kwa hiyo nakupa sharti moja, na ningekuwa dada yako wa tumbo moja ningekushika mkono mpaka ulitimize: dini yako ijulikane na kila mtu kabla mahari haijatajwa. Kijana, mama yake, imamu atakayefungisha. Ukisema sasa, utakachopoteza kinapimika. Pengine utaahirisha harusi, pengine kijana ataondoka, utalia nyumbani kwenu Kayole na mama yako atakubembeleza. Ukisema baadaye, wenye kusema hawatakuwa wewe.

Na usidhani ni mali tu. Ndoa ya Kiislamu, chini ya Sheria ya Ndoa ya 2014, inahesabiwa kuwa inaweza kuwa na mke zaidi ya mmoja, na mambo ya ndoa kwa anayekiri Uislamu yanafuata sheria ya Kiislamu. Uliliwaza hilo? Na ukifa wewe kabla yake, mama yako atataka misa na jeneza kanisani, wakwe watataka uzikwe siku hiyohiyo makaburi ya Waislamu pale Kariokor, na wote wawili watakuwa na haki ya kuamini kwamba wewe ni wao. Unawaachia ugomvi juu ya maiti yako.

Kama unautaka Uislamu kwa moyo, mimi sikuzuii hata kidogo. Watoto wangu ni Waislamu na nawaamsha alfajiri. Nenda Msikiti wa Jamia pale mjini, uliza maswali yako yote, hata ya aibu, jifunze bila haraka ya harusi. Kama huutaki, hakuna wa kukulazimisha. Ibara ya 32 ya Katiba inakataza mtu kulazimishwa kutenda kinyume cha imani yake. Mwambie kijana leo, ana kwa ana, si kwa ujumbe wa simu: "Mimi ni Mkatoliki na nitabaki Mkatoliki." Usiongeze "kwa sasa". Akikubali, mtafute pamoja imamu anayekubali kufungisha kwa aya ya Al-Maida. Wazee wakikataa kabisa na nyinyi bado mnatakana, kuna ndoa ya kiserikali kwa Msajili wa Ndoa pale Sheria House: mnatoa notisi ya siku 21, hakuna anayebadili dini, na ni ndoa ya mke mmoja.

Njia yoyote mtakayochukua, yeye akiendelea kuwa Muislamu na wewe Mkristo, kumbuka mirathi yake haitakufikia. Basi wiki hiyohiyo ya ndoa aandike wasia wako usiozidi theluthi, mashahidi watie sahihi, nakala moja ikae kwenu Kayole. Ploti mtakayonunua, hata iwe kipande kidogo Joska, hati iandikwe majina mawili, na kila shilingi unayotia weka risiti yake.