Ukimshonea mtu wa kemo, anzia ndani ya kofia

Nikiambiwa "nishonee kofia, mama ameanza kemo," yaani dawa za saratani, huuliza kwanza huyo mama analala ubavu gani, na kama anaweza kuinua mikono yote miwili. Wateja hushangaa. Wamekuja na kitambaa chao cha maua, wanataka tuzungumze mtindo. Mtindo tutaufikia, lakini nguo hii haivaliwi kwa kutokea tu. Mtu anakaa nayo kwenye kiti cha dripu saa kadhaa, analala nayo feni ikivuma usiku kucha, anapikia nayo kwenye joto la Mombasa. Na ngozi iliyo chini yake haina nywele za kuikinga, tena mara nyingi inauma na kuwasha hata kabla nywele hazijaisha. Kwa hiyo mimi naipanga kuanzia upande unaogusa ngozi. Wa nje unakuja mwisho, muda ukibaki.

Khalati yangu ndiye aliyenifungua macho. Alinivulia kofia aliyonunuliwa dukani, akanigeuzia kisogo. "Hebu nitazamie hapa, mwanangu, pana nini?" Palikuwa na mstari mwekundu uliofuata mshono wa ovaloki sawasawa, hatua kwa hatua, na chini yake alama ya mraba pale lebo ilipokaa. Kofia yenyewe ukiishika ilikuwa laini kabisa. Tangu hapo siamini kiganja. Kiganja cha fundi kimeshakomaa kwa mkasi na pasi. Kitambaa kijaribu kwa ndani ya mkono, pale mshipa unapopiga, ukisugue kidogo, kisha usugue na mshono.

Kabla hujakata kitu, mwambie aulize daktari kama dawa zake zinaondoa nywele, maana si kila dawa ya kemo hufanya hivyo. Zinazoondoa hushambulia seli zinazogawanyika upesi, na shina la nywele ni mojawapo. Kwa kawaida nywele huanza kutoka kati ya wiki 2 na 4 baada ya dozi ya kwanza, na huanza kuota tena mwezi 1 hadi 3 baada ya matibabu kwisha. Fundi anayesubiri kichwa kiwe kitupu amechelewa. Kofia ya kulalia inatakiwa mapema, ili nywele zidondoke ndani yake na mtu asiamke kuzikuta zimetapakaa juu ya mto wa kulalia. Tatizo ni kwamba wakati huo tepu inadanganya. Kwa nywele fupi nitatoa sentimita 1 au 2. Kama kichwa kimesukwa, napima upya akishanyoa.

Kwenye kitambaa mimi ni mtu wa pamba, na kwa hewa ya hapa sioni la kubishana. Kaskazi ikiingia, Desemba mpaka Machi, poliesta kichwani ni adhabu. Sihitaji kitambaa cha bei pia. Nenda Kongowea kwenye mitumba, utafute tisheti pana ya kiume, pamba tupu, iliyofuliwa mpaka ikalegea. Hiyo naiona bora kuliko jora jipya, kwa sababu imeshanywea kwa kufuliwa, haitanywea tena kichwani mwa mtu. Ifue kwa maji moto, ianike juani, ipigwe pasi ya moto. Sehemu yenye picha kifuani iache, ile rangi iliyochapwa haipitishi hewa. Lebo ikiwa imekatwa na muuzaji anakuapia kuwa ni pamba, chomoa uzi mmoja uuchome. Pamba hunuka karatasi iliyoungua na huacha jivu linalosagika vidoleni. Poliesta huyeyuka, ikajikunyata ikawa kidonge kigumu.

Leso nayo ni pamba na kila nyumba inayo, lakini leso mpya iliyotoka Biashara Street bado ina wanga wake. Ifue mara kadhaa mpaka ilainike, au omba iliyokwisha kuvaliwa. Halafu kuna jina la leso, yale maneno yaliyoandikwa juu yake. Ukikata ovyo, fumbo lililotungwa kumsuta mke mwenza litamkaa mgonjwa wa watu kwenye paji la uso. Mimi hukata kwenye mji, yaani katikati ya leso, pale palipo na maua tu, au natumia kisutu, aina ya leso ambayo kwa kawaida hakina jina.

Sasa kofia ya kulalia. Kichwa cha mtu mzima kisicho na nywele mara nyingi huwa kati ya sentimita 54 na 57. Tuseme ni 56. Kitambaa cha tisheti kinavutika, kwa hiyo kofia iliyokamilika naitoa na mzunguko wa 50, inajishika yenyewe bila lastiki. Nakata vipande viwili virefu vinavyofanana, upana 27 na urefu 48, mvutiko uende kwa upana. Kila ncha naizungusha kuwa kuba, kwenye sentimita 10 za mwisho. Naviweka pamoja, upande mzuri kwa upande mzuri, nashona kuzunguka pande zote kwa zigizaga nyembamba, sentimita 1 kutoka ukingoni, nikiacha mwanya wa vidole vinne karibu na ncha moja. Mabaki ya mshono nayapunguza mpaka nusu sentimita. Kisha nageuza kupitia ule mwanya, naufunga kwa mkono, na kuba moja naisukuma ndani ya mwenzake. Ile yenye mwanya ndiyo ibaki nje.

Tazama ulichopata: ukingo unaokaa juu ya nyusi ni mkunjo mtupu, hauna pindo wala mshono, na mabaki yote yamefichika kati ya tabaka mbili. Hakuna lebo, hakuna kifungo. Tumia sindano ya ncha ya mviringo, namba 80. Sindano ya kawaida hukata nyuzi za kitambaa cha tisheti, na vile vitundu hukua kila ukifua.

Kofia hiyo ni ya usiku na ya vyumba vyenye kiyoyozi, maana kichwa kitupu hupata baridi upesi kuliko mwenyewe alivyotarajia. Mchana wa kaskazi tabaka mbili ni nyingi. Hapo natumia melimeli, pamba nyembamba laini, tabaka moja, nimeikata mshazari ili ipate mvutiko kidogo. Kipimo kinazidi kichwa kwa sentimita 2 hivi. Lastiki nyembamba naiweka kisogoni tu, nyuma ya sikio hadi nyuma ya sikio, ndani ya njia yake ya kitambaa isiiguse ngozi. Wanaozungusha lastiki kichwa kizima wanamtengenezea mtu kofia ya kuvua. Mbele, kwa ndani, naongeza utepe wa kitambaa cha tisheti, upana wa vidole vitatu, wa kunyonya jasho. Nyusi na kope mara nyingi huondoka pamoja na nywele, na pasipo nyusi jasho linashuka moja kwa moja machoni. Hili hulijui mpaka aliyepitia akwambie.

Watu wa hapa huniambia, aa, wanawake wetu wanajisitiri, nani atajua? Barabarani ni kweli, buibui na mtandio vinatosha. Lakini ndani ya nyumba ndiko kwenye kazi: watoto wanamtazama, marafiki zake wamekuja kumjulia hali, arusi ya ndugu na wanawake wote wamefunua vichwa vimetengenezwa. Na hata huo mtandio, ukiwa wa shifoni au satini, juu ya kichwa kisicho na nywele hauna pa kushika, kutwa mtu anaurudisha mbele. Kofia ya pamba chini yake huushika ukatulia. Anayependa wigi naye namshonea kofia nyembamba ya kuvaa chini, maana wavu wa wigi unakwaruza.

Pini nazikataa kabisa. Kemo inaweza kushusha chembe za kugandisha damu na zile nyeupe za kupambana na vijidudu, kwa hiyo mchomo mdogo ambao wewe ungeulamba ukasahau, kwake waweza kutoka damu muda mrefu au kuingia uchafu. Anayetaka mtandio ukae bila kuteleza namfungia kwa mishono miwili mitatu ya mkono kwenye kofia yenyewe, pembeni, juu ya masikio. Anauvaa wote kwa pamoja.

Hapo ndipo linakuja lile swali la mikono. Aliyepasuliwa titi na kutolewa tezi za kwapani huenda asiweze kuinua mkono wa upande ule ipasavyo kwa muda. Na baadhi ya dawa, paclitaxel ikiwemo, hutia ganzi ncha za vidole, mtu akawa hawezi kufunga fundo wala kuhisi kama amelikaza. Umletee leso nzuri ya mita moja na nusu umwambie ajifunge kilemba, umempa mtihani. Kwa hiyo kilemba nakifunga mimi. Naanza na kofia ya tisheti, nauzungusha utepe mpana wa leso au wa kitambaa cha dera, naukutanisha mbele kidogo pembeni, upande asioulalia, nashona fundo lisifunguke. Yeye anavuta tu kwa mkono mmoja, basi. Fundo lisikae kisogoni hata kidogo, maana atalilalia. Ukitaka kilemba kijae kama kuna nywele chini, tia ndani ya utepe kitambaa kilichokunjwa, utosini na kisogoni juu. Pamba ya kujazia mito hujikusanya madonge baada ya kufuliwa.

Jambo jingine, na hili ni letu hasa: usiifukize udi. Najua. Nguo njema Mombasa haitoki nyumbani bila kupita kwenye chetezo, na zawadi isiyonukia inaonekana kavu. Lakini kemo huwageuza wengi pua na ulimi, harufu waliyoipenda miaka yote ikawatia kichefuchefu, na hii inakaa hapo juu ya pua usiku kucha. Asumini kwenye mfuko, hapana. Sabuni ya kunukia na dawa ya kulainishia nguo, hapana. Sabuni ya kipande isiyo na manukato, isuuzwe mpaka maji yatoke safi.

Rangi ni ya mwenyewe kuchagua, ila nina mawili. Bafta nyeupe siishoni kofia ya mgonjwa wa kike, hata akiniambia nyeupe ni baridi. Kila anayeingia mlangoni anajua bafta hukatwa sanda, na mgonjwa anajua zaidi. Na manjano karibu na uso humfanya aliyedhoofika aonekane ana homa ya manjano. Bluu iliyoiva, zambarau, rangi ya udongo, hizo huupa uso uhai.

Wanaume husahauliwa, ilhali kofia hapa ni vazi lao la kila siku. Shida ya kofia ya viua ni ugumu wake: wanga, na kingo za vile vitundu vilivyodariziwa. Mzee mmoja alikuwa akiivaa juu zaidi ya masikio apunguze msuguano. Niliiloweka wanga utoke, nikatia bitana ya melimeli, na nikaiongeza mzunguko kidogo kufidia unene wa hiyo bitana ili isibane. Vitundu bado vinapitisha hewa. Watoto ni rahisi kwa mshono na wagumu kwa kila kitu kingine. Wengi wao vichwa ni 48 hadi 52, usiweke kamba wala kishada cha kuning'inia, na mwache achague mwenyewe kitambaa, hata kikiwa cha timu usiyoipenda.

Kama mtu anatibiwa kwa mionzi kichwani au shingoni, usishone chochote kabla hajawauliza wanaomtibu nini kinaruhusiwa kugusa ngozi ile.

Ukishona za kupeleka hospitali, iwe Coast General au ya binafsi, muulize kwanza muuguzi wa kliniki hiyo wanapokea nini. Zifue baada ya kushona, sio kabla tu, maana zimeshapita mezani, sakafuni na mikononi mwa kila aliyesema "hebu nijaribu." Pasi ya moto pande zote mbili, kila moja kwenye mfuko wake mpya, na kipimo kiandikwe kwenye karatasi ya ndani ya mfuko. Na mtu mmoja asipewe moja. Matibabu huchukua miezi, kofia hulowa jasho kila siku. Tatu ndio uanze: ya kuvaa, ya kufuliwa na ya akiba. Masika ongeza ya nne, kwa sababu kofia ya tabaka mbili kwenye mvua za Mei haikauki kwa siku moja, na nyumba nyingi hizi za ghorofa hazina pa kuanika ila dirishani.