Kondoo 100 wa Chustenahlah: kwa mnaoanza kusoma historia ya vita

Mdogo wangu unayeanza historia mwaka huu, usidharau mapigano madogo. Vita vikubwa vimeshachambuliwa na waliotutangulia. Haya madogo ndiyo yatakayokufundisha kusoma nyaraka.

Mimi yalinifundisha kwa aibu. Insha yangu ya kwanza ilihusu Chustenahlah, pambano la tarehe 26 Desemba 1861 katika eneo ambalo leo ni jimbo la Oklahoma, Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani vikiwa havijatimiza mwaka. Mzee Opothleyahola wa Wamuscogee, mojawapo ya makabila ya wenyeji wa Amerika, alikataa kuungana na Kusini, yaani majimbo yaliyojitenga, akaondoka na maelfu ya watu wake, Waseminole (kabila jingine la wenyeji) na weusi waliotoroka utumwani, wakielekea Kansas, jimbo la upande wa Kaskazini. Walishambuliwa na jeshi la Kusini mara tatu njiani: Round Mountain mwezi Novemba, Chusto-Talasah tarehe 9 Desemba, kisha hapo Chustenahlah. Nikaandika kwa kujiamini kwamba waliuawa maadui 250. Insha ikarudi na wino mwekundu pembeni: “Nani aliwahesabu?”

Nilikuwa nimenakili taarifa ya Kanali James McIntosh wa jeshi la Kusini, ndiye huyo aliyeongoza shambulio. Mshindi anapokadiria maiti za upande wa pili, wakubwa wake wanasubiri habari njema. Hesabu ya namna hiyo iandike, ila taja ni ya nani.

Lakini taarifa yenyewe usiitupe. Shuka mpaka kwenye orodha ya mateka na nyara, pale wengi wanaporuka: wanawake na watoto 160, weusi 20, magari ya kukokotwa 30, jozi 70 za maksai, farasi kama 500, ng'ombe mamia kadhaa, kondoo 100. Jeshi gani linakwenda vitani na kondoo? Kanali hakukusudia kukiri kwamba amezipiga familia zilizokuwa zinahama, ila ameshakiri.

Wala usifunge daftari risasi zikinyamaza. Walionusurika walitembea kwenye theluji bila chakula wala mahema, na huko Kansas madaktari wakakata zaidi ya viungo 100 vilivyoharibiwa na baridi. Hao hutawakuta kwenye taarifa za makanali. Watafute kwenye barua za waganga na za maofisa waliogawa chakula na mablanketi.

Kitu kimoja nilichelewa sana kukiona, nacho ni mpangilio wa ile orodha. Wale weusi 20 wamewekwa baada ya watoto, kabla ya magari.