Kitabu Hicho Nimeshakisoma: Kutendwa kwa Kiindonesia

Wanaojifunza Kiindonesia huniletea nisahihishe sentensi hii karibu kila wiki: "Buku itu dibaca oleh saya." Mwandishi amewaza "kitabu hicho kilisomwa nami", akaweka "di-" pahali pa -w-, akaweka "oleh" pahali pa "na", akaona kazi imekwisha. Mtu wa Jakarta ataielewa, ila itamkwaruza sikio.

Kiindonesia kina namna mbili za kutendwa, na kinachoamua ni nafsi ya mtenda. Akiwa nafsi ya tatu, tumia "di-": "Surat itu ditulis oleh Ali", barua hiyo iliandikwa na Ali. Ali akifuata kitenzi moja kwa moja, "oleh" unaweza kuiacha: "ditulis Ali". Ukichomeka neno katikati, ni lazima irudi: "ditulis dengan teliti oleh Ali". Kama ni yeye aliyekwisha kutajwa, "ditulisnya" inatosha.

Mtenda akiwa mimi, wewe au sisi, "di-" inaondoka. Unataja kinachotendwa, kisha mtenda, kisha mzizi mtupu: "Buku itu saya baca." Hapa ndipo Mswahili anapojikwaa bure, maana sentensi hii anayo nyumbani. Isahau "kilisomwa nami". Sema "kitabu hicho nimekisoma": kitabu kimetangulia, msomaji amejibana na kitenzi. Hata masharti yanakaribiana. Sisi tunaweka -ki- hasa pale kitabu kinapojulikana. Wao nao hutaka kinachotangulia kijulikane, ndiyo maana "itu" haikosekani hapo.

Tofauti iko kwenye wakati na ukanushi. Sisi huvisokomeza ndani ya kitenzi, wao huviweka nje, kabla ya mtenda. "Buku itu sudah saya baca": nimeshakisoma. "Buku itu belum saya baca": bado sijakisoma. "Buku itu tidak akan saya baca": sitakisoma. Kati ya "saya" na "baca" kusipite kitu. Mitaani utasikia "saya sudah baca". Kwenye mtihani utakatwa alama. Maumbo mafupi ya mimi na wewe, "ku-" na "kau-", huandikwa pamoja na mzizi: "kubaca", "kaubaca". Na ukizungumza na mama wa makamo, usimwambie "kamu", yaani wewe. Muulize "Surat itu sudah Ibu baca?" Neno la heshima linakaa palepale pa nafsi.

Huwezi kuikwepa kauli hii ukaishi na kutenda peke yake, kwa sababu ya "yang", kirejeshi chao. "Yang" hurejelea kiima tu. Kwa hiyo "kitabu ninachokisoma" hakiwi "buku yang saya membaca". Ni "buku yang saya baca". "Umenunua nini?" ni "Apa yang kamu beli?", wala si "membeli". Ukiona "yang", kisha mtenda, kisha kitenzi chenye "me-", kiambishi cha kutenda, jua umeshakosea.

Kupata mzizi kuna mtego wake. Kiambishi "me-" humeza p, t, k na s: "memukul" ni "pukul", "menulis" ni "tulis", "mengirim" ni "kirim", "menyapu" ni "sapu". Ukipachika "di-", herufi iliyomezwa lazima itapikwe: "dipukul", "ditulis", "dikirim", "disapu". Wakati mwingine maana nzima imo humo. "Mengukur" ni kupima, na pia ni kukuna nazi. Kitambaa "diukur", kimepimwa. Nazi "dikukur", imekunwa. Kamusi ndiyo itakayokuamulia, usibahatishe.

Kuhusu maandishi nasema moja tu: "di-" ya kitenzi hushikana, "di" ya mahali huachana. "Dijual", inauzwa, "di rumah", nyumbani. Waindonesia wenyewe huandika "di jual" kwenye vibao vya viwanja, kwa hiyo kibao kisiwe mwalimu wako.

Halafu kuna "ter-", ambayo wengi huichanganya na "di-". Ifikirie kama kutendeka. Mwandiko wa daktari "tidak terbaca", hausomeki. Ukijikuta na kalamu ya mwenzio mfukoni, kalamu hiyo "terbawa", imechukulika bila kukusudia; ukisema "dibawa" unamaanisha kuna mtu aliyeibeba. Kwenye sifa, "ter-" ni jambo jingine kabisa: "terbesar", kubwa kuliko zote.

Kutendewa nako kuna mlango wake, "ke-" mbele na "-an" nyuma, kwa mambo yanayompata mtu. "Motor itu dicuri", pikipiki imeibwa. "Dia kecurian motor", ameibiwa pikipiki. "Saya kehujanan", nimenyeshewa. Anayetofautisha kuibwa na kuibiwa hahitaji maelezo zaidi.

Mwisho ni adabu. Kwetu, kumwambia mgeni "inywewe" kungekuwa kichekesho. Kwao, kutendwa hulainisha ombi, kwa kuwa anayetakiwa kutenda hatajwi. Mlango unataka kufungwa: "Tolong ditutup pintunya." Na kikombe kikishawekwa mbele yako, mwenyeji atasema "Silakan diminum." Hakuna jibu gumu hapo, ni kukichukua na kunywa.