Usitume hiyo advansi kabla hujajua moldi ni ya nani na mchoro ni wa nani

Mkuu mleta uzi simama hapo hapo, usitume hiyo hela.

Umeandika kwamba umepata kiwanda Guangdong, China, kina moldi (vile vyuma vya kumiminia plastiki) za roboti za Kijapani za miaka ya 80, zile zinazogeuka ndege na gari, wakala kakuhakikishia kampuni ya Japani iliyozitengeneza ilishakufa kwa hiyo "haki hazina mwenyewe", na wiki ijayo unatuma advansi uanze kuuza Marekani na Uingereza. Halafu unatuuliza ubadilishe majina au uyaache, uandike hadithi au usiandike, springi za makombora uzifanyeje, boksi liwe rangi gani na bei uweke ngapi. Boksi! Unauliza rangi ya bati wakati kiwanja hujui ni cha nani.

Hiyo sentensi ya "kampuni ilishakufa" naijua, niliuziwa mimi neno kwa neno, na kuiona imeandikwa tena humu tumbo linanikata. Kampuni ikifa mali zake hazizikwi nayo. Kuna wadai, kuna kampuni nyingine inakuja kubeba moldi, na kuna yule aliyechora roboti ambaye pengine hata siku moja hakuwa mfanyakazi wa hiyo iliyokufa. Moldi ni chuma tu, mtu yeyote anaweza kuwa na chuma. Umbo linalotoka ndani ya chuma ni mali nyingine kabisa na ina baba yake.

Chukua Jetfire, yule roboti wa Transformers anayegeuka ndege, najua humu kuna wapenzi wa Transformers wengi ila hii wanaijua nusu nusu. Hasbro, kampuni ya midoli ya Marekani, walipochukua roboti za Takara wa Japani, yaani laini zao za Diaclone ya 1980 na Micro Change ya 1983, walisaini na Takara wenyewe, na walikuwa wanajuana siku nyingi maana Takara ndio waliouza G.I. Joe, midoli ya wanajeshi ya Hasbro, huko Japani mwanzoni mwa miaka ya 70. Hapo mambo safi, Transformers ikatoka 1984. Shida ilianza walipotaka kuongeza idadi wakatoka nje ya Takara. Wakaenda kwa Takatoku Toys, kampuni nyingine ya Japani, wakachukua ndege ya Valkyrie, ile ya katuni ya Macross, roboti tamu kuliko karibu zote walizokuwa nazo, ikawa Jetfire mwaka 1985. Sasa hesabu wenye mali: moldi ya Takatoku, mchoro wa Shoji Kawamori na wenzake wa studio ya wachoraji ya Studio Nue, kampuni ya Big West nao wamo kwenye haki za katuni, na huku Marekani kampuni ya Harmony Gold ndio walikuwa wanaishika Macross na mwaka huo huo 1985 wakaitoa kwenye TV kama Robotech. Katikati ya hayo yote Takatoku wakafilisika 1984, moldi zikaangukia kwa Bandai, mshindani mkubwa wa Takara na ndio hao hao waliowapa Tonka, washindani wa Hasbro, zile roboti za GoBots. Yaani Hasbro wakajikuta roboti wao bora mama yake mzazi yuko kwa adui.

Matokeo yake katuni ikabidi imwite Skyfire na kumchora umbo jingine kabisa, mtoto anamwona Skyfire kwenye TV anamburuta mama yake dukani anakuta boksi limeandikwa Jetfire na midoli haifanani. Matoleo ya mwanzo yalikuwa bado yana alama ya UN Spacy, lile jeshi la kwenye katuni ya Macross, imechapwa bawani, hata kuifuta hawakuwahi. Na Japani Takara hawakumuuza kabisa. Unadhani yaliisha? Mwaka 2013 Hasbro wakatoa Jetfire mmoja wa maonyesho ya Comic-Con ya San Diego, Harmony Gold wakawashitaki. Karibu miaka 30 imepita na umbo bado lina mwenyewe. FASA wa Chicago nao, wale wa mchezo wa BattleTech, walikuwa na leseni ya michoro ya maroboti ya Kijapani waliyoipata kwa muuzaji mwingine, wakaishia mahakamani na kuiondoa ile michoro miaka ya 90. Walikuwa na karatasi mkononi! Ila karatasi yenyewe waliandikiwa na mtu ambaye hakuwa na kitu cha kuwapa.

Hao ni watu wenye ghorofa zima la mawakili. Wewe una nani? Mimi nilikuwa na shemeji aliyesoma sheria za ardhi Mzumbe.

Haya, yangu. Mimi na mwenzangu tuko New Jersey, tulikuwa tunauza roboti za zamani kwa wakusanyaji, kimoja kimoja, biashara inatembea vizuri tu haina presha. Tamaa ikaja na yule wakala. Mtu wa tabasamu, kadi ya biashara ina maandishi pande mbili, ukimtumia meseji saa nane usiku anajibu kabla hujaweka simu chini. Akatuletea sampuli na "cheti cha umiliki wa moldi" kina muhuri mwekundu wa duara, na sijui kwa nini Mswahili ukimwonyesha muhuri wa duara akili yote inalala, tukauona tukasema basi hii ni halali. Hatukuuliza cheti kimetolewa na nani. Kilitolewa na kiwanda chenyewe! Kiwanda kimejiandikia kwamba moldi ni ya kiwanda.

Na sampuli ilituambia ukweli ila hatukutaka kusikia. Ndani ya mguu wa kushoto, pale unapoukunja ili uwe mkia wa ndege, kulikuwa na kimstatili kidogo laini kuliko plastiki ya pembeni, kina mikwaruzo midogo yote imeelekea upande mmoja. Kama umeshika roboti za zamani unajua hapo ndipo huwa pana jina la kampuni na mwaka, Transformers za mwanzo nyingi ukizigeuza unakuta muhuri wa Takara wenye miaka ya kabla ya 1984 maana zilizaliwa Diaclone. Sasa hapa mtu kasaga maandishi kwenye chuma. Mwenzangu akasema ni kasoro ya moldi kuukuu. Na mimi niliyekuwa nauza hivi vitu kila siku nikaitikia ndio kasoro tu, maana kichwani nilishahesabu faida na nilishachagua gari.

Tukalipa. Tukachapisha maboksi mazuri sana (mkuu ukitaka ushauri wa boksi mimi ni mtaalamu, ninayo matupu garaji nzima). Tukafungua oda za kulipia kabla, watu wakalipa. Mzigo ukafika Newark ukakwama. Forodha ya Marekani ina utaratibu wake, mwenye nembo au hakimiliki anaisajili kwao na mzigo unaofanana unazuiwa bandarini, wanakuandikia ulete uthibitisho kwamba una ruhusa. Sisi tukapeleka kile cheti chenye muhuri wa duara. Naomba msicheke. Siku hizo hizo ikaja barua ya mawakili wa mwenye umbo, ya heshima sana, kila sentensi inaanza na mheshimiwa na inaishia na kiasi cha fidia. Gharama za kuhifadhi kontena zinapanda kila siku ukiwa umelala, wateja wanadai hela zao, mwanasheria tuliyemkimbilia akasoma mkataba wetu dakika chache akauliza swali moja tu, "huyu aliyewapa ruhusa yeye kapewa na nani?" Tukaangaliana. Mzigo wote ukateketezwa, na sehemu ya gharama za kuuteketeza tukalipa sisi wenyewe.

Wakala? Tiki mbili za bluu na kimya. Yule aliyekuwa anajibu saa nane usiku ghafla akawa mtu wa kulala mapema. Baadaye nikasikia moldi ile ile kamuuzia mtu mwingine Ulaya, bila shaka na cheti chenye muhuri mkubwa zaidi. Kama anasoma huu uzi nina salamu zake ila moderator atanifungia.

Na hili la kuuziwa watu wawili si geni. Shockwave wa Hasbro, yule wa zambarau anayegeuka bunduki, alitoka kampuni ya ToyCo akiitwa Astro Magnum, na wakati Hasbro wanamuuza, maduka ya elektroniki ya Radio Shack nao walikuwa na roboti huyo huyo wa kijivu wanamwita Galactic Man. Ukichukua kitu kwa mtu wa kati, hesabu kwamba kuna mwenzako naye kapewa.

Sasa kuna mchangiaji hapo juu kaandika "badilisha asilimia 30 tu ya muonekano inakuwa sio kopi". Ndugu yangu hiyo asilimia mnaitoa wapi? Hakuna sheria ya Marekani yenye hesabu hiyo, hakuna, nimelipia mwanasheria kwa saa ili kuambiwa hivyo, wewe nakupa bure. Na yule anayesema "mbona Hasbro walibandika majina mapya wakapeta" asome tena, walibandika majina BAADA ya kusaini. Majina ndio kazi ya mwisho, na ilikuwa rahisi kuliko zote: Marvel, wale wa vitabu vya katuni, wakapewa kazi, Jim Shooter akaandika msingi wa hadithi, Denny O'Neil akatoa jina la Optimus Prime, Bob Budiansky akakaa akabuni majina na wasifu wa karibu wengine wote. Battle Convoy wa Diaclone akawa huyo Optimus Prime, kiongozi mwenye roho na hasira zake, wakati kule Japani alikuwa mashine tu yenye dereva mdogo wa plastiki ndani. Dereva wakamtoa, ndio maana ukifungua baadhi ya zile gari unakuta kiti kipo na hakuna wa kukikalia. Kwa hiyo ndio, hadithi andika, nimejibu.

Kanuni yangu moja, na ningekuwa na uwezo ningeibandika juu ya kila uzi wa jukwaa hili: usilipe hata senti mpaka uone karatasi tatu, ya mwenye moldi, ya mwenye mchoro, na ya mwenye kitu ambacho roboti anageuka. Ya tatu watu wanaisahau. Kama roboti wako anakuwa Porsche au Lamborghini, Diaclone na Micro Change za zamani zilijaa magari ya watu, lakini siku hizi umbo la gari lina leseni yake, ndio maana laini ya Alternators ya 2003, Transformers zenye umbo la magari halisi, Hasbro walienda kwa makampuni ya magari rasmi. Na kila karatasi ufuate mnyororo hadi juu, nani kampa huyu, na huyo alipewa na nani, mpaka ufike kwa aliyeshika penseli. Mahali mnyororo unapokatika ndipo hela yako itakapozama.

Halafu wewe umesema Marekani na Uingereza kwa pumzi moja, hilo nalo ni kosa. Haki zinagawiwa kwa nchi. Roboti hao hao wa Diaclone Italia walikuwa chini ya kampuni ya GiG na Ufaransa chini ya kampuni ya Joustra, huku Marekani ni Hasbro. Karatasi ikisema Marekani, basi ni Marekani, ukivuka bahari unaanza upya.

Springi, haraka haraka. Mtoto alikufa Marekani mwishoni mwa miaka ya 70 kwa kupaliwa na kombora la midoli ya Battlestar Galactica ya Mattel, tangu hapo makombora ni kesi, na ndio sababu Transformers za Marekani za mwanzo springi zililegezwa, unabonyeza kombora linadondoka miguuni kwako. Bidhaa ya mtoto wa miaka 12 kushuka lazima ipimwe maabara inayotambulika, hiyo ni sheria ya 2008, na usidhani kuandika 15+ kwenye boksi kutakuokoa kama midoli yenyewe ni ya mtoto. Anayegeuka bastola mpake rangi ya chungwa kwenye mdomo au bora mwache, Megatron wa kwanza, adui mkuu wa Transformers, alikuwa bastola ya Walther P38 kabisa, leo humpitishi dukani. Sumaku pia angalia, madereva wa Diaclone walikuwa na sumaku miguuni, mtoto akimeza mbili ni upasuaji.

Lingine uliuliza nini... naona uzi umeshakuwa mrefu.

Mkuu fanya hivi leo leo kabla hujafika benki: chukua hiyo sampuli, igeuze, fungua miguu, fungua kifua, angalia chini ya stika maana wengine wanaziba na stika. Tafuta maandishi, na kama hakuna maandishi tafuta mahali palipolainishwa. Piga picha na tochi ya simu ikimulika kwa pembeni ili mikwaruzo ionekane, uitupie humu pamoja na hicho cheti alichokupa wakala. Namba yake ficha, niitumie PM, nataka tu kuona kama ni yule yule.