Mdogo anapomwogopa kaka yake, msimwambie "utazoea"

SWALI: Mwanangu wa miaka 6 anamwogopa kaka yake wa miaka 13. Kaka akirudi likizo kutoka bweni, mdogo haniachi hata nikienda uani, na ameanza tena kukojoa kitandani ilhali aliacha tangu mwaka jana. Anasema anamchukia. Bibi yao anasema ni wivu, niwalaze pamoja watazoeana. Jirani ananielekeza kwa mganga, eti nyota zao hazipatani. Nifanyeje? – Mama wa wawili, Morogoro

JIBU: Mama, kuanzia leo wasilale kitanda kimoja, na kama nafasi ipo, hata chumba kimoja wasilale.

Hilo neno wivu naletewa na karibu kila familia yenye shida hii, na linaniudhi kwa sababu likishatamkwa hakuna anayeuliza zaidi. Mtoto mwenye wivu humfuata mwenzake: atamnyang'anya, atamsemea, atajipenyeza katikati mkiwa mnazungumza. Wako anajificha. Ugomvi wa kawaida wa ndugu una zamu, leo analia huyu, kesho yule, na jioni wanacheza pamoja. Akiwa analia mmoja tu, na siku nzima kazi yake ni kumkwepa mwenzake, huo ni uonevu. Anaposema "namchukia", usimkemee. Anakueleza kwa maneno aliyonayo.

Mkojo wake ukapimwe kituo cha afya, maana maambukizi, na hata kisukari, vinaweza kuanza hivyo. Wasipokuta kitu, asichapwe wala asichekwe.

Kisha mtafutie wakati wa peke yenu, labda unapomwogesha, umuulize: "Nikitoka, wewe na kaka huwa mnafanya nini?" Usiulize "Kaka anakupiga?", kwani umri huo hujibu anachodhani unataka kusikia. Usiwaweke kikao waelezane mbele yako. Mdogo atakana, na ukigeuka atalipizwa. Akigusia kushikwa sehemu za siri, au kuambiwa asiseme kwa mama, usianze upelelezi wako: piga 116, simu ya bure ya huduma kwa mtoto, au nenda kwa afisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi.

Mkubwa naye ni mtoto. Anayerudi mkali kutoka bweni huenda kuna anayemtesa huko, muulize na yeye. Halafu jiulizeni nani alimpa fimbo. Nyumba nyingi humwachia kaka "awanyooshe" wadogo zake. Mvueni kazi hiyo, na mwambieni mbele ya wote kwamba kuadhibu si jukumu lake.

Hayo ya nyota nayasema kwa wazazi wote. Naletewa watoto wenye chale mbichi, wameshanyweshwa vikombe vya dawa, na wameshaamini kwamba wenye kasoro ni wao. Anayekuuzia dawa ya kupatanisha ndugu hajamuuliza mtoto swali hata moja. Wapo pia wanaojiita wanasaikolojia kwenye simu, wanauza "tiba ya siku saba" bila kumwona mtoto. Waulizeni wamesomea wapi na wanahudumu kituo gani. Wanaonitia hasira zaidi ni wanaoshauri mtoto apewe dawa ya mafua "atulie" usiku. Dawa hizo nyingi husinzisha, na mtoto anayeonewa usiku akisinzishwa hawezi kuamka wala kukuita. Msiwape.