Jibu: Kwa nini make inarudia faili zote nikigusa moduli moja ya Fortran

Ndugu, umeuliza kwa nini ukirekebisha mstari mmoja ndani ya moduli (kipande cha msimbo ambacho faili nyingine huazima), make, programu inayojenga kwa kufuata kanuni za Makefile, inakompaili upya (inatafsiri tena kuwa lugha ya mashine) faili 40 zinazoitumia. Niko Goma, nina modeli ya joto la maji ya Ziwa Kivu kwenye laptopu yenye betri iliyochoka. Umeme ukikatika, ugonjwa huo ulikuwa unaimaliza betri kabla programu haijajengeka.

make haisomi kilichomo, inatazama saa ya faili tu, yaani ilibadilishwa lini mwisho. Tuseme moduli imo a.f90, na b.f90 inaitumia; a.o na b.o ni faili zilizokwisha kukompailiwa. Bila shaka umeandika kwamba b.o inategemea a.o. Lakini kukompaili b.f90 hakuhitaji a.o hata kidogo, kunahitaji a.mod, muhtasari wa moduli unaoandikwa a.f90 ikikompailiwa, ambamo mna majina, aina za vigeu na sura ya kila subrutini, si matumbo yake. Ukibadili hesabu ndani ya subrutini, a.mod inabaki ileile.

gfortran, kompaila ya Fortran, inalijua hilo. Inaandika a.mod mpya pembeni, inailinganisha na ya zamani, na zikifanana haiigusi ya zamani. Hapo ndipo nilipojikwaa: niliandika kwamba a.mod inatoka moja kwa moja kwa a.f90, basi a.mod ikawa na saa ya nyuma daima, na make ikawa inakompaili a.f90 kila nikiiita, hata sijagusa kitu. Siku mbili nzima nililaumu saa ya laptopu!

Sasa naandika hivi kwenye Makefile (amri zianze na Tab):

a.o: a.f90
	gfortran -c a.f90
a.mod: a.o
	@true
b.o: b.f90 a.mod
	gfortran -c b.f90

@true haifanyi kitu, ila baada yake make inatazama tena saa ya a.mod. Kama haikusogea, b.o inaachwa. Ukifuta .mod, futa na .o yake, la sivyo hakuna wa kuitengeneza. Wanaotumia CMake (programu inayokuandikia Makefile) wasihangaike, yenyewe inalinganisha.

Ukitaka kuona kilichobadilika, tangu GCC 4.9 (GCC ndiyo furushi lenye gfortran) faili ya .mod imebanwa kwa gzip, kwa hiyo ifungue kwa zcat kabla na baada, kisha linganisha kwa diff. Mimi niligundua kumbe nilikuwa nabadili thamani ya parameta (thamani isiyobadilika programu ikiendeshwa), na hiyo imo ndani ya .mod. Hapo kurudia ni haki.

Ila ukibadili kiwango cha uboreshaji wa kompaila, kutoka -O0 kwenda -O2, .mod haitakuambia lolote. Piga make clean.